Mama Breki, mwalimu wa udereva aliyejifunza kuhesabu vidonge

Saa moja na nusu asubuhi, gari dogo jeupe lenye kibao chekundu juu ya paa linajikongoja katikati ya uwanja wa mazoezi. Linaruka kama chura, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha linazima.

"Usiniangalie mimi, baba. Angalia mbele," anasema mwanamke aliyeketi kando ya dereva. "Gari limezima, halijafa. Washa tena."

Mwanafunzi wake ni mhasibu mstaafu mwenye umri wa miaka sitini na tatu. Anafuta jasho kwa mgongo wa mkono na kuitazama miguu yake kama mtu anayeitilia shaka.

"Mwalimu, hii klachi inanichukia."

"Haikuchukii. Unaiachia kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Iachie polepole, kama unamlaza mtoto aliyesinzia."

Mara ya tatu gari linaondoka. Linapita koni ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Ya tano inaingia uvunguni na kuburutwa hadi ukutani. Mzee anafumba macho. Mwalimu anacheka mpaka anashika ubavu.

Hapa uwanjani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanafunzi, walimu wenzake, hata muuza chai wa getini, wote wanamwita Mama Breki. Gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, na kwa miaka kumi na miwili mguu wa mama huyu haujawahi kukaa mbali na ile ya kwake.

"Mdomo unafundisha," anasema, "lakini mguu ndio unaowarudisha watu nyumbani."

Mwaka mmoja na nusu uliopita, mguu huo ulichelewa.

Mama Breki ana umri wa miaka arobaini na miwili na ni mama wa binti mmoja. Alianza kazi katika shule hii kama karani wa mapokezi. Alikuwa akiandikisha wanafunzi huku jicho moja liko dirishani, akiangalia magari yanavyokwenda mbele na kurudi nyuma, hadi siku moja bosi alipomkuta amekaa kwenye gari bovu, anabadilisha gia peke yake. Hakumfukuza. Alimwambia, "Kama unataka kuharibu gari, haribu na mimi nikiwepo." Mwaka uliofuata akawa mwalimu.

Kwa siku anafundisha wanafunzi sita hadi wanane, kila mmoja dakika arobaini. Analipwa kwa kila somo, na somo lisilofanyika halina malipo. Jua linapiga kioo cha mbele, moshi wa magari unaingia dirishani, na gari linaruka kutwa nzima. Hata asiyejua kuumwa kichwa angejifunzia humo.

Yeye alikuwa anajua tangu zamani.

"Nilianza nikiwa sekondari," anasimulia. "Upande mmoja wa kichwa unagonga kama mtu anapiga mlango. Mwanga sitaki, sauti sitaki, chakula nikikinusa tu kinarudi. Mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Akipatwa, anajifunga kitambaa kichwani, anakaza kweli kweli, halafu anaendelea kufua. Kwetu hatukukiita ugonjwa. Tulisema, 'Mama leo ana kichwa chake.'"

Alipoingia kazini, kitambaa hakikufaa tena. Mwalimu hawezi kufundisha udereva huku amejifunga kichwa kama aliyeanguka mtini. Akaanza kumeza parasetamoli, dawa ya kawaida ya maumivu inayouzwa kila duka bila cheti cha daktari, na bei yake ni ndogo kuliko ya soda.

Mwanzoni zilikuwa mbili siku akiumwa. Baadaye mbili siku akihisi ataumwa. Baadaye tena mbili kila asubuhi, iwe kichwa kinauma au hakiumi.

"Nilimeza kama mtu anavyofunga mkanda," anasema. "Ajali haijatokea, lakini unafunga. Niliona nina akili sana."

Vidonge vilikaa kwenye kisahani cha majivu cha gari, maana yeye havuti sigara. Mwanafunzi akilalamika kichwa, alipewa viwili. Mwalimu mwenzake akilalamika, viwili. Walimtania kwamba gari lake ni zahanati yenye magurudumu.

Lakini badala ya kupungua, maumivu yakazidi. Kilichokuwa kinakuja mara mbili kwa mwezi kikawa kinakuja kila wiki, kisha kikahamia kabisa. Anaamka nacho, anameza, kinapungua, dawa inaisha nguvu, kinarudi, anameza tena. Miezi minane ikapita asikumbuke hata siku moja aliyolala bila kidonge tumboni.

"Nilijiambia ni kazi. Ni jua. Ni umri. Kila kitu nilikisingizia isipokuwa kile nilichokuwa nakitia mdomoni mwenyewe."

Siku ya tukio alikuwa na mafua pia. Alimeza parasetamoli mbili alfajiri, nyingine mbili saa tatu, na katikati akatupia vidonge viwili vya mafua alivyopewa na jirani. Saa tano alikuwa barabarani na mhasibu mstaafu, ambaye wakati huo alikuwa kwenye somo lake la kumi na moja.

Walikuwa wanaukaribia mzunguko wa barabara. Ghafla Mama Breki akaona kitu kama kioo kilichovunjika kinametameta pembeni ya jicho. Mistari ya mwanga ikajikunja kama meno ya msumeno, ikatanuka. Alipogeuka kumtazama mwanafunzi wake, nusu ya uso wa mzee haikuwepo.

"Niliona sikio, shavu na miwani upande mmoja. Upande mwingine mwanga tu unacheza. Nikasema moyoni, nimepofuka."

Kwenye ile nusu aliyokuwa haioni, mwuza mikate alikuwa anakatiza na baiskeli. Mzee alimwona, akapiga kelele, akakanyaga mafuta badala ya breki. Mguu wa mwalimu ukashuka, lakini umechelewa. Bampa likagonga gurudumu la nyuma la baiskeli. Mwuza mikate akaangukia kiwiko, kreti likapasuka, mikate ikatawanyika barabara nzima.

Mwuza mikate aliinuka mwenyewe akiwa na mchubuko mkononi na matusi mengi mdomoni, na Mama Breki anasema yote alistahili. Shule ilimlipa mikate na baiskeli. Lakini maneno yaliyomkaa rohoni ni ya mwanafunzi wake. Mzee alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, gari limezima.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ndogo, "ulikuwa wapi?"

Mzee hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Bosi hakuwa na maneno mengi. Alimwondoa garini na kumpeleka darasani kufundisha alama za barabarani, kazi yenye malipo nusu. "Uniletee barua ya daktari," alimwambia. "Mimi ninakupenda, lakini breki siwezi kuipenda ikiwa haishiki."

Jioni ile kichwa kilipasuka kweli kweli. Akameza parasetamoli nne nyingine kwa mafungu mawili, na vidonge viwili zaidi vya mafua. Asubuhi, kabla hajaenda popote, alipitia duka la dawa la mtaani kwake kununua nyingine.

Nyuma ya kaunta alikuwepo mfamasia, msichana mwembamba mwenye miwani, mgeni pale dukani lakini mwenye kumbukumbu kali.

"Dada, shikamoo. Ngoja kidogo," alisema, akiacha mkono juu ya dawa. "Juzi ulichukua. Wiki iliyopita ulichukua mara mbili. Nyumbani mnaumwa wangapi?"

"Mimi peke yangu."

"Kwa mwezi, ni siku ngapi unakaa bila kumeza?"

Mama Breki alianza kuzihesabu kwa hasira, hakupata hata moja.

Mfamasia akamwomba atoe kila dawa aliyokuwa nayo kwenye mkoba. Zikapangwa juu ya kaunta, paketi tatu: ya maumivu aliyoizoea, ya maumivu ya rangi nyingine aliyonunua kwa kuamini ina nguvu zaidi, na ya mafua. Msichana akageuza kila paketi na kumwonyesha maandishi madogo ya nyuma.

"Soma hapa. Hapa pia. Na hapa."

Majina ya mbele yalikuwa matatu. Dawa ndani ilikuwa moja.

"Jana umemeza vingapi kwa jumla, ukichanganya vyote?"

Walihesabu pamoja, kwa vidole. Vinane vya maumivu na vinne vya mafua, kila kimoja kikiwa na kiasi kile kile cha parasetamoli. Kumi na viwili.

"Mtu mzima mwenye afya mwisho ni vinane kwa saa ishirini na nne," mfamasia alisema, na safari hii hakuwa anatabasamu. "Unaweza kujiona mzima leo, ini likawa linaumia kimya kimya. Mimi sikuuzii. Panda bodaboda uende hospitali sasa hivi, na paketi hizi uende nazo."

"Nilimchukia," Mama Breki anakiri. "Katoto kama kale, kananikatalia dawa ya kichwa na pesa yangu mkononi. Leo akiolewa na kaka yangu yeyote, mahari nalipa mimi."

Hospitalini walimlaza hadi kesho yake na kupima damu mara mbili. Ini lilikuwa salama. Daktari, mzee wa makamo asiye na haraka, alivuta kiti akakaa karibu na kitanda.

"Ini lako lina subira kuliko wewe," alimwambia. "Usilijaribu tena."

Kisha akamuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Kinauma upande gani? Mwanga unakukera? Unatapika? Kabla hakijaanza unaona nini? Nani mwingine kwenu anacho? Alipomaliza, alimwambia kwamba ugonjwa wake una jina. Unaitwa kipandauso. Ile mistari ya mwanga haikuwa upofu; ni ishara inayowatangulia baadhi ya wagonjwa, hukaa dakika kadhaa hadi saa moja, kisha huondoka.

Habari ya pili ilikuwa ngumu kumeza. Kipandauso kilikuwa chake tangu utotoni, lakini kile kichwa cha kila siku alikitengeneza mwenyewe. Anayetumia dawa za maumivu siku nyingi za mwezi, miezi mfululizo, anaweza kuufanya ubongo uzoee kiasi kwamba dawa ikipungua tu, maumivu yanaitika.

"Kwa hiyo nikimeza kinauma, nisipomeza kinauma?" alimuuliza daktari.

"Ukiacha, kitauma zaidi kwanza. Wiki moja, pengine mbili, pengine zaidi. Halafu kitaanza kukuachia."

Alirudi nyumbani na karatasi ya miadi, dawa ya kumeza kila usiku ya kuzuia kipandauso kisije mara kwa mara, na amri ya kutogusa dawa za maumivu hadi amwone daktari tena.

Siku tisa za kwanza anazikumbuka moja moja. Asubuhi alifundisha alama za barabarani akiwa amevaa miwani ya jua darasani, wanafunzi wakidhani anaringa. Jioni alilala chumbani, pazia limefungwa, ndoo kando ya kitanda. Mume wake ni fundi seremala na karakana yake iko nyuma ya nyumba. Alibeba msumeno, randa na mbao zake, akaenda kuomba nafasi kwa fundi mwenzake umbali wa mitaa mitatu, akawa anafanyia kazi huko mpaka mke wake apone.

"Siku ya nne nilimwomba kidonge kimoja tu," anasema Mama Breki. "Nilimbembeleza mpaka kwa jina la marehemu baba yake. Alikaa pembeni ya kitanda akasema, 'Nitukane unavyotaka, mke wangu, lakini funguo za kabati nimempa jirani.' Nilimtukana. Ametulia tu, ananikanda miguu."

Siku ya kumi na sita aliamka akahisi kuna kitu kimepungua nyumbani. Alikaa kitandani akisikiliza, asijue ni nini. "Ni kama jokofu linapozima. Ndipo unajua kumbe lilikuwa linanguruma muda wote."

Kichwa hakikuwa kinauma. Alikwenda jikoni, akachemsha chai, akainywa kimya kimya mpaka ikaisha, huku machozi yanamtoka.

Kipandauso hakijaondoka, na daktari hakumwahidi hivyo. Lakini sasa kinakuja mara moja au mbili kwa mwezi, na mwenyewe anajua la kufanya. Kinapoanza, hangoji kikomae: anameza vidonge viwili na maji ya kutosha, anakaa penye giza. Kama bado kinauma, harudii kabla ya saa nne hadi sita kupita. Hazidishi vinane kwa siku nzima, na hagusi dawa za maumivu zaidi ya siku mbili katika wiki. Kila siku anayomeza anaitia alama kwenye kalenda ya ukutani. Akiona alama zinaongezeka, anarudi kliniki, harudi dukani.

Mfamasia, ambaye sasa ni rafiki wa familia, anasema wateja kama yeye anawaona kila juma. "Watu wanaogopa sindano, lakini kidonge cha kichwa hawakiogopi, kwa sababu wamekizoea," anasema. "Mimi sisemi msitumie. Ni dawa nzuri ukiitumia ilivyoandikwa. Soma nyuma ya paketi, uliza kama ile ya mafua ina kitu hicho hicho. Na usiseme ya jirani imemfaa basi itakufaa. Kuna dawa nyingine za maumivu, kama ibuprofeni, hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo wala mjamzito. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji sana wa pombe, hata parasetamoli aniulize kwanza."

Tena anasisitiza kuwa kuna kichwa kisichosubiri kidonge chochote. Kikija ghafla kwa kishindo ambacho hujawahi kukiona, kikiambatana na homa na shingo kukakamaa, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, akili kuchanganyikiwa, au kikianza baada ya kugongwa kichwani, mtu apelekwe hospitali hapo hapo.

Mama Breki alirudishwa garini baada ya miezi mitano, daktari alipoandika barua. Barua ina sharti: akiona mwanga ule, gari linasimama pembeni, ufunguo unatolewa, na hafundishi tena siku hiyo. Imeshamtokea mara moja. Aliegesha, akampigia mwalimu mwenzake simu, akampoteza mwanafunzi wa siku hiyo na malipo yake. Hakujuta. Kisahani cha majivu sasa kinabeba peremende, na kila mwanafunzi mpya anaambiwa habari hii somo la kwanza, kabla hajashika usukani.

Lakini kulikuwa na deni lisilolipika kwa barua ya daktari. Wiki aliyorudi kazini alikwenda nyumbani kwa mhasibu mstaafu. Alimkuta kibarazani anasoma gazeti, mkewe anachambua mchele. Alimweleza yote, vidonge, mafua, mwanga, asifiche hata kimoja.

"Uliniuliza nilikuwa wapi, baba. Nilikuwa nimelewa dawa na sikujijua. Nisamehe."

Mzee alikunja gazeti taratibu. "Mimi nimekaa miezi mitano nikidhani nilimgonga yule mtu kwa uzee wangu," alisema. "Kila nikitaka kurudi, miguu inakataa. Kumbe tulikuwa wabovu wawili ndani ya gari moja."

Mkewe aliangua kicheko, mchele nusura umwagike. Siku tatu baadaye mzee alikuwa uwanjani, kavaa viatu vipya. Ameshafeli mtihani mara mbili, na wa tatu ni mwezi ujao.

Kwa sasa mawazo ya Mama Breki yako nyumbani. Binti yake, mwenye miaka kumi na sita, ameanza kuumwa kichwa upande mmoja. Mara ya kwanza ilipotokea, msichana alirudi kutoka shuleni amefunika macho kwa daftari, na mama yake hakukimbilia kabati. Alimlaza, akampeleka kliniki, na leo binti ana kalenda yake kando ya ile ya mama.

Anayemsumbua ni bibi wa msichana huyo, yaani mama mzazi wa Mama Breki, mwenye miaka sitini na minane, ambaye hadi leo hujifunga kitambaa na kuendelea kufua. Kwa miezi mingi bibi alikataa katakata kwenda kupimwa. Wiki iliyopita, baada ya kumwona mjukuu wake anacheka siku moja tu baada ya kuumwa, alikubali. Miadi ni Jumamosi saa tatu. Mama Breki ataendesha, bibi atakaa mbele, binti nyuma.

"Sasa nikifika huko," bibi alimuuliza jana, akiwa bado na shaka, "watanipa dawa gani ambayo sijawahi kuimeza?"

"Dawa baadaye, mama," alimjibu. "Kwanza wakusikilize. Miaka hamsini umeumwa, hakuna aliyewahi kukuuliza kinauma upande gani."

Bibi akainua mkono, akaugusa upande wa kulia wa kichwa chake, juu kidogo ya sikio.

"Hapa," alisema. "Siku zote ni hapa."